Mtaji wa cherehani ulivyoishia kambini

Mwezi wa nane mwaka 2023 mama mmoja wa mtaa wetu aliingia dukani kwangu Majengo akiwa ameshika mkono wa mtoto wake. Alitaka sare mbili za shule, shati jeupe na sketi ya buluu, za kuanzia masomo mwezi wa tisa. Kwa mshonaji wa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, huo ndio msimu. Ukikupita, mwaka mzima utachechemea. Nilifungua sanduku la vitambaa mbele yake, nikakuta vipande vitatu vya kitenge na utepe. Nikamwambia arudi kesho. Hakurudi, na simlaumu, kwa sababu hata kesho yake nisingekuwa na pesa ya kununua kitambaa cha buluu.

Novemba 2022 sanduku hilohilo lilikuwa na mali ya dola 320. Hakuna aliyeniibia. Niliila mwenyewe kidogo kidogo, leo nauli, kesho kilo mbili za maharage, kesho kutwa vocha ya simu, na muda wote huo nilijiambia kwamba ninajitolea.

Ninaandika kwa ajili ya mtu ambaye moyo wake unamsukuma kusaidia wengine wakati mfukoni mwake hamjatulia. Sitaki akate tamaa. Nataka tu asipite nilipopita mimi.

Nianze na volkano, maana ndiyo iliyonidanganya. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka. Lava ikashuka upande wa Buhene, ikameza nyumba za watu, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Alhamisi ya tarehe 27 alfajiri likatoka tangazo kwamba mitaa kumi kati ya kumi na minane ya mji ihame. Wengine walipanda boti kwenda Bukavu, wengine wakavuka kuingia Rwanda, na sisi tukashika njia ya Sake kwa miguu, watoto mbele, godoro kichwani. Sake tulipokelewa na mama ambaye hakuwahi kutuona. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili, na tulilala humo watu 23. Asubuhi alikuwa akigawa sombe, yaani kisamvu, kwa kijiko ili kila mtoto aonje.

Tuliporudi mjini mwezi wa sita, mimi na wanawake wenzangu wa parokia tulizunguka tukikusanya sufuria na nguo kwa ajili ya watu wa Buhene waliopoteza kila kitu. Kila mlango uliobishwa ulifunguliwa. Nikajenga imani kwamba watu wa mji huu hutoa bila kuhesabu.

Imani hiyo ina ukweli wake. Ila kuna jambo ambalo sikuliona wakati ule. Katika wiki zile hakuna aliyekuwa na siku ya kazi ya kupoteza. Soko lilikuwa limefungwa, maduka yamefungwa, cherehani yangu haina mteja. Kumsaidia jirani hakukumpunguzia mtu mapato kwa sababu mapato yenyewe hayakuwapo. Msiba ukimpata kila mtu siku moja, mikono ya wote huwa huru. Ugumu huanza mwezi wa tatu au wa nne baada ya msiba, pale ambapo wengine wamerudi kazini na walioumia bado wako chini ya turubai.

Mwishoni mwa mwaka 2022 watu wa Rutshuru walimiminika kambi ya Kanyaruchinya, kaskazini mwa mji, wakikimbia mapigano. Mvua ilikuwa inanyesha, na pale chini ni mawe ya volkano matupu, hata kigingi cha turubai hakiingii. Parokia ikaunda kikundi cha watu 14 cha kupikia watoto uji. Kwa kuwa nilikuwa na simu nzuri na nilizoea kuandika hesabu za wateja, nilipewa uongozi. Tulikwenda Jumanne, Alhamisi na Jumamosi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutopiga hesabu. Nauli ya pikipiki kwenda na kurudi ilikuwa franka 3,000. Mara tatu kwa wiki ni 9,000, kwa mwezi ni kama 36,000, na kwa franka ya wakati ule hiyo ni kama dola 15 hadi 18. Mwezi baada ya mwezi, nauli peke yake ilikula sehemu kubwa ya kile nilichopoteza. Na hapo sijataja wateja waliokuta mlango umefungwa Jumamosi, siku ambayo wengi huja kupima nguo. Hesabu hiyo ya dakika kumi niliifanya baada ya sanduku kuwa tupu. Ifanye wewe kabla hujasema ndiyo. Andika nauli, andika chakula utakachonunua huko, andika pia siku za kazi utakazozikosa, kwa sababu hizo ndizo ghali kuliko vyote na hakuna atakayekukumbusha.

Kosa la pili liliumiza zaidi, kwa sababu lilihusu watu wa nyumbani. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la njia ya Rutshuru. Njia ilipokatwa na vita, kazi yake ilikatika. Kwa hiyo wakati ninafunga duka siku tatu kwa wiki, duka hilo ndilo lililokuwa likilisha watu sita. Sikumwuliza. Nilimpa taarifa tu. Jioni moja aliniangalia nikivua viatu vyenye matope akasema taratibu, “Mama watoto, wale wa kambini wanakula uji wako. Hawa wa hapa wanakula nini?” Nilikasirika. Nilimwambia hana huruma. Mwezi wa tisa mtoto wetu wa pili, aliye sekondari, alirudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali, yaani ada ya shule, na usiku ule nilimwomba baba yake msamaha. Ninasema bila kuficha kwamba katika siku zile nilianza kuwachukia watu wa kambi, watu ambao hawakunikosea chochote. Niliwaona kama wao ndio waliokula sare za yule mtoto. Chuki hiyo ilinitisha kuliko deni. Nikaacha.

Kabla ya kueleza nilivyorudi, lazima niseme jinsi nilivyowatendea wengine, maana hapo ndipo nilipojifunza mengi.

Katika kikundi chetu kulikuwa na kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Alikuwa na nguvu, mcheshi, akibeba kuni zetu bure kutoka barabarani hadi jikoni. Baada ya mwezi akaanza kukosa. Nikampigia. “Yaya,” akaniita, yaani dada mkubwa, “siku nikija huko, watu wangu hawali.” Mimi nikasikia kisingizio. Mbele ya wenzake nilisema vijana wa siku hizi hawana moyo, wanataka pesa tu. Neno hilo lilimfikia, naye hakuja tena.

Nilikuwa ninaamini kitu rahisi: asiye na kazi ya kudumu ana muda, na mwenye muda anaweza kujitolea. Nikienda Birere naona vijana wamekaa ukutani tangu asubuhi, moyo unaniuma, nasema hawa wangeweza kupika uji. Mdogo wangu anayesoma sosholojia ndiye aliyenivunjia wazo hilo. Alinisimulia kijiji cha Marienthal nchini Austria. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kiwanda cha nguo kilichokuwa kikilisha kijiji kizima kilifungwa, watafiti wakaenda kuchunguza maisha ya watu wake. Wanaume walikuwa na siku nzima mikononi. Lakini vitabu vya maktaba viliazimwa kidogo kuliko zamani, vyama vya kijiji vikapungukiwa watu, na watafiti waliosimama na saa barabarani wakaona hata mwendo wa kutembea umepungua. “Yaya,” aliniambia, “muda wa mtu asiyejua atakula nini si muda mtupu. Umejaa hofu.” Nilimkumbuka mume wangu tangu njia ikatwe, jinsi alivyokaa uani masaa mengi asiweze hata kukarabati kiti. Nilikuwa nimemwita mvivu moyoni.

Kijana wa chukudu alikuwa akipata franka zake kila siku na kuzila siku hiyohiyo. Siku nzuri alinizidi mimi. Lakini hakuwa na kesho. Alhamisi aliyonipa ilikuwa sahani ya mdogo wake.

Sasa mlinganishe na mama mmoja muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani. Mapato yake yalikuwa madogo, na siku ambazo ziwa limechafuka hakuuza kitu. Lakini kila Jumanne alikuwa wa kwanza kufika, na kila Jumanne saa tano aliondoka, hata uji uwe bado haujaiva. Nilimwona mwenye kiburi. Baadaye nilimwuliza anawezaje. Akanijibu kwamba yuko kwenye AVEC, zile jumuiya za akiba za mtaani. Alijua ana hisa ngapi sandukuni, alijua akiugua mfuko wa jamii utamsaidia, alijua Desemba atapata pesa ya mkupuo. “Jumanne yangu nimeipima,” alisema. “Ninatoa kitu ambacho najua ninacho.”

Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza mtu anapata kiasi gani. Ninauliza kama anajua wiki ijayo itakuwaje.

Jambo la pesa za mashirika nalo nilieleze kama lilivyokuwa, ingawa linanisikitisha. Mwanzoni mwa 2023 wafadhili fulani walitukuta kambini, wakapenda kazi yetu, wakaanza kumpa kila mtu dola 5 za nauli kwa siku. Katika wiki mbili kikundi cha watu 14 kikawa na watu zaidi ya 50. Baada ya miezi mitatu pesa ikakatika bila maelezo. Wale wapya wakaondoka, na hilo nililitegemea. Sikutegemea kwamba watatu kati ya wale wa mwanzo wangeondoka pia, watu waliokuwa wakija bure kabla. Walikuwa wamekwisha kuzipanga zile dola 5 katika maisha yao, wengine wameahidi kodi ya nyumba. Zaidi ya hapo, watu wa mtaa wakaanza kunong’ona kwamba mimi nimebaki na pesa, maana haiwezekani mtu aendelee bure. Mji wetu umepita kwenye miaka ya Ebola, 2018 hadi 2020, ambapo magari yalijaa barabarani na posho zikatolewa halafu vyote vikatoweka. Watu wana sababu ya kushuku.

Sisemi nauli isirudishwe. Irudishwe, tena lazima, vinginevyo watakaobaki kujitolea ni wenye mishahara peke yao, nao hawajui kambi inanukaje saa kumi na mbili asubuhi. Lakini isemwe mapema, kwa karatasi iliyobandikwa ukutani: ni nauli, ni kiasi hiki, itaisha tarehe hii. Sisi hatukuandika kitu, na uongozi ulikuwa wangu.

Nilikaa nje ya kikundi miezi saba. Dada yangu mkubwa alinikopesha dola 60 za kuanzia, kwa sharti kwamba nisiguse hata franka moja ya mtaji kwa jambo lingine. Nikajiunga na AVEC ya yule mama wa sambaza. Tulikuwa wanachama 25, tukikutana Jumatano. Hisa moja ni franka 2,000, na huruhusiwi kununua zaidi ya tano kwa mkutano mmoja. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu wanaoishi nyumba tofauti. Mfuko wa jamii unachangiwa pembeni, nao ni wa magonjwa na misiba. Miezi ya kwanza nilinunua hisa moja moja, nikiona aibu mbele ya wauza sambaza. Kufikia katikati ya 2024 nilikuwa na kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho hata wakati sanduku langu lilipokuwa limejaa: nilijua mtoto akiugua leo usiku sitauza kitambaa.

Nikarudi kwenye kikundi. Safari hii nilikuja na maneno. Hakuna mtu kuja zaidi ya siku moja kwa wiki. Mwenye msimu wake apewe ruhusa bila kuhojiwa: mshonaji mwezi wa nane na wa tisa, muuza sokoni Desemba. Wale wenye mshahara wachangie mfuko wa nauli, na daftari la mfuko lisomwe kwa sauti kila mwisho wa mwezi. Nilipendekeza pia kila anayejiunga aulizwe swali moja faraghani: ukija huku, nyumbani wanakula nini? Wengine walilalamika kwamba nimepunguza moto wa kikundi. Ni kweli siku za kazi zilipungua. Lakini mwaka ule hakuna aliyetoweka.

Halafu ikaja Januari 2025. Mapigano yaliingia mjini mwishoni mwa mwezi, tukalala chini ya vitanda. Umeme na maji vilikatika, watu wakashuka ziwani na bidoni, yaani madumu ya maji. Mji unaokumbuka kipindupindu cha Julai 1994 unajua maana ya maji ya ziwa yasiyotibiwa. Tulipoweza kutoka nje, kikundi chetu kilikwenda ufukweni kusaidia kuweka klorini. Kazi ni nyepesi ila haina mapumziko: unavuta dawa kwa bomba la sindano, unaitia kwenye bidoni ya lita 20, unamwambia mwenye maji asubiri nusu saa kabla ya kunywa, na nyuma yake wamepanga mstari wengine mia.

Waliokuja walinishangaza. Benki zote zilikuwa zimefungwa, na ziliendelea kufungwa kwa miezi. Aliyetumiwa pesa kwa simu alilazimika kutafuta wakala mwenye noti, na akikatwa sehemu ya pesa yake ashukuru. Wanawake wa AVEC walikuja. Tulikuwa tumegawana akiba kabla ya Noeli, kila mmoja akanunua mfuko wa unga na maharage, basi majumbani kulikuwa na kitu. Aliyekosekana ni baba mmoja mwenye mshahara mzuri, mkazi wa Himbi, ambaye alikuwa nguzo ya mfuko wetu wa nauli. Alichangia dola 20 kila mwezi bila kukumbushwa. Wiki tatu hakuonekana wala kupokea simu.

Nilimfuata nyumbani. Alinikaribisha kwa adabu, akakaa kimya muda mrefu. “Dada, pesa ninayo,” alisema mwishowe, “lakini iko nyuma ya mlango uliofungwa. Nikija pale mtaniuliza mchango, nitasema nini?” Alikuwa anakula mara moja kwa siku na kuwaficha majirani. Mtu aliyekuwa akitupa nauli sasa hakuwa na nauli. Nilimwona machoni ile hali ya kijana wa chukudu, na nikajua nisirudie nilichokuwa nimesema juu ya yule kijana. Nilimwomba aje asubuhi moja tu kwa wiki, kwa miguu, atushikie daftari. Alikuja. Siku ya kwanza aliandika bidoni 412 kwa mwandiko mzuri kabisa.

Kijana wa chukudu naye alitokea, bila kuitwa. Hakukuwa na mizigo mjini siku zile, soko lilikuwa limelala, hivyo alipakia bidoni za wazee wasioweza kupanda kutoka ziwani na kuwapelekea hadi mlangoni. Nilimwomba msamaha mbele ya wale waliosikia nilipomtukana. Alitikisa kichwa, akasema, “Yaya, ilikuwa njaa tu.” Mwezi wa tatu mizigo ilianza kurudi, naye akaniaga kwamba hataweza tena kuja kila siku. Nikamwambia aende, nikamwuliza chukudu inaendeleaje. Mpira wa gurudumu la nyuma ulikuwa umekwisha. Kikundi kilikubali kumkopesha pesa ya mpira mpya kutoka mfuko wa nauli, alipe kidogo kidogo, bila sharti la kuja kufanya kazi. Hilo la mwisho tulibishana karibu saa nzima. Niliona tukimfunga kwa deni hatutakuwa tena kikundi cha kujitolea.

Alimaliza kulipa mwezi wa sita, na siku hiyohiyo akanunua hisa yake ya kwanza kwenye AVEC yetu. Jumanne iliyofuata alifika ufukweni saa kumi na mbili, akaegemeza chukudu kwenye jiwe, akasema ana mzigo wa viazi saa nne kamili. Nilimkabidhi bomba la sindano, akaanza na mama wa mbele.